Upepo wa mpira: Sheria moja, namba tatu zisizoelewana

KABLA timu hazijatoka vyumbani, kuna kazi ndogo inafanyika ambayo shabiki wa jukwaani haioni. Mwamuzi anachukua mpira wa mechi, anauminya kwa vidole gumba, anaudundisha chini mara mbili tatu, kisha anachomeka sindano ya geji kwenye valvu na kusoma mshale umesimama wapi. Ukiwa sawa unawekwa pembeni. Ukiwa na upepo mwingi unapunguzwa, ukiwa umelegea inaletwa pampu. Yote hayo hayafiki hata dakika mbili.

Sasa fikiria mshale umesimama kwenye 16 psi, yaani pauni 16 kwa kila inchi ya mraba, kipimo kilekile ambacho fundi wa matairi wa kona yoyote ya mji anakijua. Mpira huo unafaa au haufai?

Jibu linategemea mwamuzi anasoma namba ipi ya sheria. Na huu siyo utani. Ndani ya mstari mmoja wa Sheria Namba 2 ya soka, ile inayohusu mpira, kuna vipimo vitatu vya upepo. Kwa kimoja, mpira wa 16 psi unaingia uwanjani bila neno. Kwa viwili vingine, unarudishwa stoo.

Sheria inataka mpira uwe na upepo wa kuanzia angahewa 0.6 hadi angahewa 1.1. Pembeni yake ikaandikwa tafsiri: gramu 600 hadi gramu 1,100 kwa kila sentimita ya mraba, ukiwa usawa wa bahari. Halafu ikaja tafsiri nyingine kwa wale wanaohesabu Kiingereza: pauni 8.5 hadi pauni 15.6 kwa inchi ya mraba. Ukisoma haraka unaona ni kitu kimoja kimesemwa mara tatu. Chukua kikokotoo cha simu uone.

Angahewa moja, ile inayofundishwa darasani, ni kilopaskali 101.325. Zidisha kwa 1.1 unapata kilopaskali 111.5, na hizo ukizipeleka kwenye pauni zinakuwa 16.17 psi. Lakini sheria imesema mwisho ni 15.6. Gramu 1,100 kwa sentimita ya mraba nazo ni kilopaskali 107.9, ambazo ni sawa na 15.6 psi na chenji kidogo. Kwa hiyo gramu na pauni zinaelewana, angahewa iko peke yake. Huko chini nako ni hivyohivyo: angahewa 0.6 ni kilopaskali 60.8, wakati gramu 600 ni 58.8 na pauni 8.5 ni 58.6.

Tofauti ya juu ni karibu kilopaskali 4, zaidi kidogo ya nusu pauni. Kiduchu, ndiyo. Lakini mpira wetu wa 16 psi uko katikati ya pengo hilo hilo.

ANGAHEWA MBILI, JINA MOJA

Ili kujua nani kaikosea nani, lazima kurudi nyuma sana, kabla hata ya soka kuwa na sheria. Miaka ya 1640 Mwitaliano Evangelista Torricelli alionyesha kuwa hewa ina uzito. Mrija wa kioo uliojazwa zebaki, ukigeuzwa ndani ya bakuli la zebaki, haumwagiki wote. Unabaki umesimama kwenye kimo cha karibu sentimita 76, kwa sababu hewa ya nje inaikandamiza zebaki ya kwenye bakuli na kuisukuma ile ya ndani ipande. Kutoka hapo ndipo dunia ikaanza kupima mgandamizo kwa milimita za zebaki, na milimita 760 zikawa angahewa moja ya usawa wa bahari.

Septemba 1648 Florin Périer, shemeji yake Mfaransa Blaise Pascal, alipanda na mrija wa namna hiyo mlima Puy de Dôme, ulio jirani na mji wa Clermont. Kule juu zebaki ilishuka kwa zaidi ya sentimita 8. Hewa ya mlimani ni nyepesi kuliko ya bondeni, na sasa kulikuwa na namba ya kuthibitisha. Mashabiki wa Ligue 1 wanaujua mji huo kwa sababu nyingine: ni wa Clermont Foot, timu iliyopanda daraja mwaka 2021 kwa mara ya kwanza katika historia yake na kushuka 2024. Pascal alizaliwa hapohapo, mwaka 1623, na jina lake ndilo lililopewa kipimo cha kisasa mwaka 1971, mkutano mkuu wa vipimo duniani ulipokubaliana kuwa paskali moja ni nguvu ya newtoni moja juu ya mita moja ya mraba.

Paskali moja ni ndogo mno. Karatasi iliyolala mezani inaikandamiza meza kwa takriban hiyo. Ndiyo maana kwa mpira inatumika kilopaskali, paskali 1,000, na wengine wanatumia bar (siyo ile ya kuangalizia mechi), ambayo ni kilopaskali 100 kamili.

Katikati ya Pascal mtu na paskali kipimo, kila taifa lilikuwa na lake. Waingereza walipima kwa pauni na inchi. Viwandani Ulaya bara, hasa Ujerumani, mafundi walichoka na milimita za zebaki wakatengeneza njia ya mkato: kilogramu moja ikikaa juu ya sentimita moja ya mraba, hiyo waliita angahewa. Inakaribiana na ile halisi ya Torricelli, ila ni ndogo kwa asilimia 3 hivi, kilopaskali 98.07. Zikawa angahewa mbili zenye jina moja: ya wanasayansi na ya mafundi.

Rudi sasa kwenye Sheria Namba 2. Gramu 600 kwa sentimita ya mraba ni angahewa 0.6 ya mafundi, bila hata nukta kuzidi. Gramu 1,100 ni 1.1 ya mafundi. Hesabu zenyewe zinasema: angahewa ya sheria ya soka siyo ya kitabu cha fizikia, ni ya karakana. Anayeichukua kwa maana ya darasani anapata namba isiyo ya sheria, na hakuna mahali sheria imemwonya.

Bodi inayotunga sheria, IFAB, iliundwa mwaka 1886 na vyama vinne vya Uingereza: England, Scotland, Wales na Ireland. FIFA iliingia baadaye, mwaka 1913. Hivyo kila ukurasa wa sheria hizo umebeba Waingereza na inchi zao upande mmoja, na watu wa mita upande mwingine, na mara nyingi hawakutani. Uzito wa mpira unaandikwa gramu 410 hadi 450, na pembeni aunsi 14 hadi 16. Lakini aunsi 14 ni gramu 397. Mpira wa gramu 400 ni halali kwa aunsi na ni haramu kwa gramu! Mzunguko nao umeandikwa sentimita 68 hadi 70, au inchi 27 hadi 28, wakati inchi 28 ni sentimita 71 na ushee.

Kuna ushahidi mwingine mtamu zaidi. Matoleo ya zamani ya sheria yalitaka upepo wa angahewa 0.6 hadi 0.7 tu, na kwa pauni yaliandika 9.0 hadi 10.5. Chukua 0.6 zidisha kwa 15, unapata 9 kamili. Chukua 0.7 zidisha kwa 15, unapata 10.5 kamili. Namba hizo ni za angahewa iliyohesabiwa kuwa pauni 15, kwa kukadiria tu, wakati ya kweli ni 14.7 na ya mafundi ni 14.2. Baadaye kikomo cha juu kilipopandishwa hadi 1.1, pauni zilihesabiwa upya kwa ile ya 14.2, ndiyo maana kikomo cha chini kikashuka kutoka 9.0 hadi 8.5 ingawa 0.6 haikuguswa. Kwa hiyo mpira wa 8.7 psi uliokuwa umelegea kisheria enzi hizo, leo uko fiti. Haukuongezwa upepo, ilibadilishwa namba ya kuzidishia.

KUTOKA DAR HADI SOKOINE

Hadi hapo mtu anaweza kusema hizi ni hesabu za watu wasio na kazi. Nusu pauni itamfanya nini straika? Basi upakie mpira kwenye basi.

Timu moja ya Dar es Salaam ina safari ya Mbeya kwa mechi ya kirafiki, na mipira yake imejazwa upepo nyumbani, joto likiwa nyuzi 30. Mtunza vifaa kaweka bar 1.0 safi, sawa na 14.5 psi. Kwa namba zote tatu za sheria, mpira uko ndani. Basi linapita Morogoro, linapanda Kitonga, linapita Iringa, na jioni linafika Mbeya, ambako mji uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari na joto ni nyuzi 18. Hakuna aliyegusa valvu njia nzima.

Geji ya mpira haipimi hewa yote iliyo ndani. Inapima hewa ya ndani imeizidi ya nje kwa kiasi gani. Dar, nje kulikuwa na kilopaskali 101, ndani 201, na geji ikasoma 100. Mbeya hewa ya nje imepungua hadi kilopaskali 82 na nusu hivi. Baridi nayo imeipunguza ya ndani, kutoka 201 hadi 193. Toa moja kwa nyingine, geji ya Mbeya itasoma karibu kilopaskali 111, yaani 16.1 psi, ukiacha ngozi kutanuka kidogo.

Unaona umeangukia wapi? Kwa angahewa ya darasani, kikomo ni 111.5, mpira umepona kwa tundu la sindano. Kwa bar 1.1, ambayo wengi wanaichukulia kuwa ndiyo angahewa 1.1, kikomo ni 110, umezidi. Kwa gramu na kwa pauni umezidi kabisa. Mtunza vifaa wa wageni akiwa na geji ya angahewa na mwamuzi akiwa na ya psi, hapo kuna ubishi wa kutosha kuchelewesha mechi, na wote wawili wanasoma sheria moja.

Yale maneno ya "usawa wa bahari" ndiyo kila kitu ambacho sheria inasema kuhusu milima. Haina namba za Mbeya, haina za Nairobi, haina za La Paz. Na La Paz ndiko ishu ya hewa nyepesi ilipofika hadi FIFA. Uwanja wa Hernando Siles uko mita zaidi ya 3,600, hewa yake ya nje ni kama kilopaskali 65, theluthi moja na zaidi imeyeyuka. Mpira uliojazwa pwani ukifika huko bila kupunguzwa unaongeza kilopaskali 36 kwenye geji kwa urefu wa mlima pekee. Mwaka 2007 FIFA ilizuia mechi za kimataifa kwenye milima mirefu, Bolivia ikapiga kelele, na mwaka uliofuata marufuku ikasimamishwa. Aprili 1, 2009 Argentina ya kocha Diego Maradona ilipigwa 6-1 hapohapo. Tarehe hiyo haikumsaidia mtu, matokeo yalikuwa ya kweli.

Kwa haki, kipigo kile hakikutokana na geji. Mpira wowote unaweza kupunguzwa upepo kabla ya mechi. Kisichopunguzika ni hewa ya nje: ikiwa nyepesi, mpira haukutani na kizuizi kikubwa, unakwenda kasi zaidi na haukati kona sana, krosi zinapitiliza na kipa anakuta shuti limeshafika. Halafu kuna mapafu. Watu wa pwani wakipanda juu hutafuta hewa dakika ya 60.

KUBADILI BILA KUUMWA KICHWA

Ukiingia duka la vifaa vya michezo utakuta geji za kila aina. Nyingi za bei nafuu zina duara mbili za namba, moja pauni kwa inchi ya mraba, nyingine kilogramu kwa sentimita ya mraba. Zipo za bar, na siku hizi zipo za kidijitali ambazo kitufe kimoja kinahama kutoka psi kwenda bar kwenda kilopaskali. Kwenye mpira wenyewe, karibu na valvu, watengenezaji wengi huchapa kiwango kwa bar na psi. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya kuangalia.

Kwa mwenye psi anayetaka kilopaskali, namba ya kuzidishia ni 6.895. Asiyetaka kikokotoo azidishe kwa 7 kisha apunguze kidogo: psi 10 ni 70, punguza 1, kilopaskali 69. Psi 12 ni 84, punguza kama 1, unapata karibu 83. Namba ya 6.895 inatokana na makubaliano ya mwaka 1959, nchi zinazotumia Kiingereza zilipofunga mjadala kwa kusema inchi ni sentimita 2.54 kamili na pauni ni kilogramu 0.45359237. Tangu hapo pauni yenyewe inapimwa kwa kilogramu, ingawa wenyewe hawapendi kuambiwa.

Bar ni rahisi kuliko zote, unazidisha kwa 100 ukapata kilopaskali. Kilogramu kwa sentimita ya mraba unazidisha kwa 98, na kama geji imeandika neno angahewa bila maelezo, angalia duara la pili: ikiwa 1 ya angahewa imekaa kwenye 14.2 ya pauni, hiyo ni ya mafundi. Ikiwa imekaa kwenye 14.7, ni ya darasani.

Zimebaki milimita za zebaki, ambazo kwenye mpira hazitumiki lakini kila mchezaji amekutana nazo kwa daktari wa timu. Presha ya damu ya 120 kwa 80 ni milimita za zebaki zilezile za Torricelli, miaka karibu 400 baadaye. Ukizidisha kwa 0.1333 inakuwa kilopaskali 16 kwa 10.7. Ukiugeuza upande wa pili, mpira wa bar 0.8, ambao ni wa kawaida kabisa, una presha ya 600. Angekuwa ni shabiki wa Simba au Yanga siku ya dabi, angelazwa.

Bar 0.8 siyo namba ya kuokota. Mipira inayotafuta nembo ya ubora ya FIFA hujazwa kiwango hicho maabara, na kwenye kipimo cha kuvuja, ile ya daraja la juu hairuhusiwi kupoteza zaidi ya asilimia 20 ya upepo wake kwa saa 72. Hesabu yake ina maana kwa timu zinazojaza mipira Jumatano kwa ajili ya Jumamosi: kwa upungufu wa mwisho unaoruhusiwa, bar 0.8 inabaki 0.64, sawa na 9.3 psi, bado iko ndani ya sheria kwa namba zote. Ukianza na 0.7, hesabu hiyohiyo inakupeleka 0.56, chini ya kila kikomo. Na hiyo ni mipira yenye nembo. Ile ya sokoni, Jumamosi iko mbali.

Upande mwingine kuna wanaopeleka mpira kwa fundi wa matairi. Pale mkono umezoea kuweka 30, ambayo kwa gari dogo ni kawaida. Kwa mpira, 30 psi ni kilopaskali 207, karibu mara mbili ya mwisho wa sheria. Usipopasuka utavimba upande mmoja kama embe, na mwenye mpira atasema kauziwa feki.

GEJI MBILI NA DOLA MILIONI

Wanaodhani nusu pauni haina thamani wawaulize Wamarekani. Kwenye mpira wao wa miguu, ule wa kubeba mikononi, sheria inataka 12.5 hadi 13.5 psi, kilopaskali 86 hadi 93. Januari 18, 2015 New England Patriots waliifunga Indianapolis Colts 45-7 na kwenda fainali. Mapumziko, mipira 11 ya Patriots ilikuwa imepimwa na yote ikaonekana chini ya 12.5. Tuhuma zikawa kwamba upepo ulipunguzwa makusudi ili mpira ushikike vizuri kwa staa wao Tom Brady, ambaye alikana. Klabu ikapigwa faini ya dola milioni 1 na kunyang'anywa nafasi mbili za kuchagua wachezaji chipukizi, Brady akafungiwa mechi nne, akazitumikia msimu wa 2016 baada ya kesi ndefu mahakamani.

Ripoti ya uchunguzi ndiyo inayohusu hapa. Waamuzi walikuwa na geji mbili, na kwa mpira uleule moja ilikuwa inasoma juu ya mwenzake kwa pauni 0.3 hadi 0.45. Mipira minne ya Colts iliyopimwa mapumziko ilikuwa halali yote kwa geji moja, na kwa nyingine mitatu ilikuwa chini ya kiwango. Juu ya hapo kulikuwa na baridi: mpira wa 12.5 psi ukitoka chumbani kwenda nje ambako joto limeshuka nyuzi 13 unapoteza zaidi ya pauni 1 bila mkono wa mtu. Mabingwa wa fizikia wa nchi nzima wakaingia kwenye mjadala, kila mmoja na karatasi yake.

Tofauti ya geji zile mbili, ukiibadili, haifiki kilopaskali 3.2. Pengo lililo ndani ya Sheria Namba 2 ya soka, kati ya angahewa ya darasani na pauni, ni kubwa kuliko hilo.

Soka bado halijapata kesi ya namna hiyo, labda kwa sababu wote wawili wanacheza mpira mmoja. Ilipowahi kuwa vingine, ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia 1930 pale Montevideo. Argentina na Uruguay walishindwa kukubaliana mpira wa kutumia, ikaamuliwa kila kipindi na mpira wake. Kipindi cha kwanza kwa mpira wa Argentina, Argentina wakaenda mapumziko wakiongoza 2-1. Cha pili kwa mpira wa Uruguay, Uruguay wakashinda 4-2.

VICHWA VYA WATOTO

Mahali ambapo namba hizi zina uzito kuliko pointi tatu ni kwenye soka la vijana. Mpira uliojaa sana hauminyiki ukigonga kichwa. Unakaa kwenye paji la uso muda mfupi zaidi, na nguvu yote inashuka kwa mkupuo. Uliolegezwa kidogo unabonyea, muda unakuwa mrefu, na kilele cha pigo kinapungua. Mwaka 2020 UEFA ilitoa mwongozo kuhusu kupiga vichwa kwa watoto na vijana, na moja ya mambo inayoyataka ni mipira yenye upepo wa chini kadri inavyowezekana. England mwaka 2021 walikwenda hadi kwa wakubwa, wakishauri mazoezini mchezaji asipige vichwa vya nguvu zaidi ya 10 kwa wiki.

Kocha wa akademi anayetaka kufuata hilo anahitaji kujua mshale uwe wapi kwenye geji yake mwenyewe. Ya psi, aanzie 9. Ya bar, 0.62. Ya kilogramu kwa sentimita ya mraba, 0.63 inatosha. Zote hizo ni kilopaskali 62 au karibu yake, juu kidogo ya kikomo cha chini kwa namba yoyote ya sheria, na hakuna kamisaa wa kumrudishia mpira. Akikosea duara, akatafuta 0.9 ya bar akidhani ndiyo 9 ya pauni, watoto watakuwa wanapiga vichwa mpira wa 13 psi jioni nzima.

Vitabu vya sheria vinachapishwa upya kila msimu, na kila msimu kuna mjadala wa mkono, wa kuotea, wa VAR. Mstari wa upepo wa mpira unabaki na angahewa, gramu na pauni zake. Kilopaskali haimo. Mwamuzi mwenye geji mpya ya kidijitali iliyowekwa kilopaskali anatakiwa kutembea na namba zake mfukoni: 59 chini, 108 juu, kwa kufuata gramu na pauni, na akibanwa na mtu mwenye kitabu cha fizikia, 61 na 111. Wenye busara huweka 80, ambayo hakuna anayeweza kuikataa.